Kovu la Malkia Limehama Shavu

"Umeiba," Mkasi alisema, na hiyo ilikuwa mara ya nne. "Sema tu umeiba, tuyamalize."

"Nimeiba nini? Kovu?" Betri alisimama kwa nguvu mpaka kiti chake kikarudi nyuma kikagonga ukuta. "Nani anaiba kovu?"

"Usinichezee akili. Malkia ana kovu shavu la kushoto. Filamu zote sita, kushoto. Kwako wewe, pale darajani, limehamia kulia. Nani aliligeuza? Ni mimi. Niliigeuza ile picha kwa mkono wangu huu, ili malkia aangalie upande aliko joka. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye kovu hilo upande wa kulia."

"Dunia nzima umeizunguka?"

"Mimi sitanii."

"Na mimi sikuchekeshi. Soma kwanza orodha yangu, ndiyo uje kunipigia kelele." Betri alimnyooshea karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, pande zote mbili.

Mkasi aliipokea, akaikunja mara nne bila kuitazama, akaitia mfuko wa shati. "Orodha ya mwizi ya nini?"

Hapo mlango ukanyanyuliwa, ukasukumwa, na mwalimu wa kompyuta akaingia. Nimesema ukanyanyuliwa kwa sababu mlango ule bawaba zake zilikuwa zimeteremka. Ukitaka kuufungua au kuufunga vizuri, lazima ukishike kitasa na kuunyanyua kidogo, kama unayemsaidia mgonjwa kusimama. Mwalimu alijua. Mkasi naye alijua, ila hakuwahi kuhangaika. Yeye akitoka huusukuma kwa kisigino na kwenda zake, mlango ukabaki wazi upana wa viganja viwili.

"Nimewasikia tangu kwenye ngazi," mwalimu alisema. "Nani kaibiwa?"

"Mimi, Mwalimu. Betri kachukua kazi yangu ya darajani. Dakika kumi na moja nzima."

Mwalimu aliweka madaftari mezani taratibu. "Umejuaje? Filamu yake bado hatujaionyesha mtu."

Mkasi aliangalia pembeni. "Nilipita nyuma yake akiwa anaitazama."

"Nilikuwa nimekwenda kunywa maji," Betri alisema.

Mwalimu alimtazama Mkasi muda ambao haukuwa mrefu, lakini ulimtosha.

Sasa, ili ugomvi huu ueleweke, tuanzie pale ulipoanzia. Chama cha filamu cha shule kilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na kompyuta tano, mbili kati ya hizo zikiwaka siku zinapojisikia. Muhula ule mwalimu aliwapa kazi moja tu. Chukueni zile filamu sita za malkia na joka, ambazo ukizitazama zote mfululizo utaanza asubuhi na kumaliza umesahau ulianzaje. Zikateni upya. Kila mmoja atoe filamu moja ya dakika arobaini, yenye hadithi anayoitaka yeye. Kuna aliyeifanya hadithi ya farasi. Kuna aliyemwondoa joka kabisa, ikabaki filamu ya watu wanaokimbia bila sababu. Mwalimu angechagua moja ya kuonyeshwa ukumbini siku ya Ijumaa, wazazi wakiwepo.

Sharti lilikuwa moja. Kila filamu iambatane na orodha ya mikato, yaani umetoa nini, umeongeza nini, na kama umetumia kazi ya mkataji mwingine, ni ya nani. "Hizi filamu zenyewe ni za watu," mwalimu aliwaambia. "Sisi tunajifunzia tu, hatuuzi. Wapenzi wa filamu wanaozikata upya huwa wanaandikiana orodha, hata wasiojuana. Ndivyo wanavyoheshimiana." Betri alijaza karatasi pande mbili. Mkasi aliandika mstari mmoja: Nimekata yote mwenyewe.

Na jina lenyewe la Mkasi lilitoka hapo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hapakuwa na mwanafunzi aliyemkaribia kwa kukata filamu. Tena nje, kwenye ubao wa matangazo, alikuwa ameshabandika bango lake hata kabla mwalimu hajachagua: "Daraja la Mwisho. Imekatwa na Mkasi peke yake."

"Sikilizeni," mwalimu alisema. "Kesho asubuhi kabla ya kengele, wote wawili hapa. Tutafungua kazi zenu na kuziangalia. Aliyechukua kazi ya mwenzake kimyakimya anatoka kwenye chama. Sisemi Ijumaa hii tu. Anatoka kabisa."

Betri aliokota begi lake, akatoka bila kuaga. Yeye na Mkasi ndio walioanzisha hicho chama, tena kwa kumsumbua mwalimu wiki tatu.

Mkasi naye akatoka, kisigino, mlango wazi. Kwenye ngazi akamkuta mzee wa funguo akifagia. Huyu ndiye aliyekuwa akitunza funguo zote za shule, zikining'inia kiunoni mpaka ukimsikia anakuja unadhani ni farasi wa malkia. Mkasi akamtazama vizuri. Mbona juzi mzee huyu alikuwa akicheka na Betri? Wanacheka nini, mtu mzima na mtoto? Na nani mwingine anaweza kuingia chumba cha kompyuta saa yoyote anayotaka?

"Mzee, kuna mtu aliwahi kukuomba ufunguo wa chumba cha kompyuta?"

"Wa nini?"

"Kuna vitu vimeibwa."

Mzee aliacha kufagia. "Kompyuta?"

"Hapana. Kazi yangu. Imo ndani ya kompyuta."

"Sasa mwizi ataniomba ufunguo wa nini, mwanangu, na mlango wewe ndiye unayeniachia wazi kila siku?" Akarudi kwenye ufagio wake. "Kila jioni napanda ngazi zote hizi kuja kufunga ulichoshindwa kufunga wewe. Magoti yangu yanakujua kwa jina."

Jibu hilo lilizidi kumtia shaka. Mtu asiye na kosa hajibu haraka hivyo. Njia nzima Mkasi aliwapanga watu kichwani kama vipande vya filamu. Mzee wa funguo. Betri. Yule kijana wa filamu ya farasi, ambaye siku hizi anamsalimu sana. Hata mwalimu, maana kwa nini alimwangalia vile? Kila aliyempita alionekana kama anayejua jambo.

Nyumbani dada yake mkubwa alikuwa dirishani, penye mwanga, akifumua gauni la mteja. Dada ni fundi cherehani, na ndiye aliyemlea Mkasi tangu mama yao aende kufanya kazi mbali. Alikuwa na pini tatu mdomoni, lakini pini hazikuwahi kumzuia kusema.

"Mbona umenuna kama umekalia sindano?"

"Nimeibiwa, dada." Akamweleza yote, kovu, daraja, Betri. Akaeleza vizuri sana, maana alikuwa amejieleza njia nzima.

Dada aliendelea kukata nyuzi. "Betri huyuhuyu? Aliyerudisha kifungo kilichozidi nilipomshonea shati?"

"Watu hubadilika."

"Haya. Na hilo daraja si lile ulilonionyesha likizo ile? Nilikuwa napiga pasi sare za shule, ukaniita, dada njoo, dada njoo uone, kuna mtu kakata hii kitu mpaka raha. Nikageuka kutazama, pasi ikanikalia hapa." Akanyoosha kidole cha shahada. Palikuwa na alama ndogo inayong'aa karibu na kucha. "Kovu ninalo mpaka leo. Ukasema, ona wanavyopita darajani."

"Siyo hiyo," Mkasi alisema.

Dada alizitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye kitambaa. "Haya. Siyo hiyo." Akarudi kwenye gauni lake. Hakuuliza tena, na hilo ndilo lililomchoma Mkasi kuliko kuulizwa.

Aliingia chumbani, akavuta mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Humo ndimo alimokuwa akihifadhi flashi zake zote. Ile nyekundu ilikuwa chini kabisa. Akaichomeka kwenye laptopu kuukuu ya dada, akasubiri iamke, akafungua faili la likizo.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe yakatokea: "Imekatwa na Mama Vipande. Tumia, lakini nitaje." Yakakaa sekunde tano. Kisha daraja, ukungu, farasi, na malkia akageuza uso, kovu likiwa shavu la kulia.

Mkasi aliisimamisha picha hapo. Usidhani alikuwa amepanga kudanganya tangu mwanzo, hapana. Mwanzoni aliiweka ile sehemu kwenye filamu yake kwa muda tu, mpaka atakapokata yake. Akazipunguza zile sekunde tano za maandishi kwa sababu zilikatisha utamu. Akaongeza ngoma chini ya sauti za farasi. Akalitia anga giza kidogo. Kisha yule kijana wa filamu ya farasi akamwuliza, umewezaje kumgeuza malkia, na Mkasi akajibu, ni kubonyeza tu. Kesho yake akamweleza mwingine, kwa urefu zaidi. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akiikumbuka siku aliyoigeuza ile picha, saa, kiti alichokalia, kila kitu. Ilikuwa kumbukumbu nzuri sana. Tatizo lake ni kwamba haikutokea.

Akakumbuka karatasi mfukoni. Akaikunjua. Betri ana mwandiko mdogo, kama anayeogopa karatasi itakwisha. Mstari wa saba ulisema: "Dakika kumi na moja za darajani ni kazi ya Mama Vipande, nimeziacha zilivyo. Angalia kovu limehama shavu. Kosa ni lake, sikuona vizuri nilirekebishe bila ruhusa."

Mkasi aliusoma mstari ule mara tatu. Kosa. Kile kitu alichojisifia shule nzima hakikuwa hata ufundi. Kilikuwa kosa la mtu mwingine.

Na ukweli usemwe, wazo lake la kwanza halikuwa kuomba msamaha. Wazo lake la kwanza lilikuwa, nani mwingine anajua? Dada anajua, lakini dada hafiki shuleni. Betri hajaiona filamu yangu. Orodha yake ninayo mimi.

Asubuhi alifika wa mwisho. Betri alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Mwalimu alikuwa amewasha kompyuta ya kati, ile isiyogoma mara nyingi. Mzee wa funguo alikuwa mlangoni na bisibisi, akizichunguza bawaba.

"Tuanze na mlalamikaji," mwalimu alisema. "Fungua kazi yako, si filamu iliyokamilika. Nataka kuona vipande."

Mkasi alifungua. Chini ya kioo ikatokea mistari ile ambayo mkataji hupangia vipande vyake. Vyake vilijaa vidogo vidogo, vimebanana kama matofali, na kila tofali moja lilikuwa limemgharimu nusu saa. Kisha, katikati kabisa, pakawa na kitu kirefu, laini, kisicho na mkato hata mmoja, kama ubao uliotupwa juu ya matofali.

Mwalimu aliuona. "Twende kwenye malkia. Umesema uliigeuza picha. Ukigeuza picha, programu huweka alama kwenye kipande. Nionyeshe."

Mkasi alishika kipanya. Akabonyeza ubao. Dirisha dogo likafunguka, lenye orodha ya yote aliyoyafanya. Kutia giza, ipo. Ngoma, ipo. Kugeuza, hakuna. Akabonyeza tena kana kwamba ingetokea.

"Siioni," mwalimu alisema. "Au programu imepoteza? Hizi kompyuta zetu tunazijua."

Huo ndio mlango, wazi upana wa viganja viwili. Angesema tu ndiyo, imepoteza. Nani angebisha? Hata wiki iliyopita kompyuta hiyohiyo ilimeza insha za darasa zima. Karatasi ya Betri ilikuwa mfukoni mwake. Mwalimu angemgeukia Betri, Betri angesema ametoa kwa Mama Vipande, na yeye angesema hakuna mtu kama huyo, ni jina la kutunga.

Akamtazama Betri. Betri hakuwa akimtazama. Alikuwa ameangalia nje kwenye ubao wa matangazo, na alikuwa akiuma mdomo wa chini kama alivyofanya siku ile mwalimu alipowakatalia chama mara ya kwanza. Anajiandaa kufukuzwa, Mkasi aliwaza. Tayari anajiandaa.

"Haijapoteza, Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Sikuigeuza mimi."

"Nani aliigeuza?"

"Mama Vipande. Yote ni yake, daraja lote. Nililikata jina lake likatoka." Akatoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani. "Betri aliandika. Mstari wa saba. Nilikuwa nayo, nikaisoma jana."

Bisibisi ya mzee wa funguo iliacha kulia.

Betri aligeuka. "Kwa hiyo uliniita mwizi mara nne kwa kitu ulichochukua wewe."

"Ndiyo."

"Ukachungulia kompyuta yangu."

"Ndiyo."

"Ukasema na mzee wa funguo kanipa ufunguo."

"Sikulisema hilo."

"Uliuliza," mzee alisema kutoka mlangoni. "Ulipouliza ulikuwa umeshamaliza kesi."

Mkasi aliinama. "Naomba mnisamehe. Wewe Betri, na wewe, Mzee."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa ili uso wake uwe sawa na wa Mkasi. Hakupandisha sauti. "Nikuambie kitu ambacho natamani ukikumbuke hata ukiwa mkubwa. Hukumdhania Betri vibaya kwa sababu Betri ana tabia mbaya. Ulimdhania kwa sababu wewe unajua ilivyo rahisi. Ukishaipa kazi ya mtu jina lako, unaanza kuwaona wenzako wote wezi, maana unawapima kwa ulichofanya wewe. Urafiki wote huu ulikuwa unakwenda na maji, na kumtaja yule mama kungekugharimu mstari mmoja. Mstari mmoja, Mkasi."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Filamu yako haionyeshwi Ijumaa. Inaonyeshwa ya Betri, na ni nzuri, nimeitazama jana. Kwenye chama utabaki. Nilikuachia upenyo wa kudanganya, nikaona usivyoutumia. Lakini leo hii utaandika orodha yako upya, na utamwandikia Mama Vipande umweleze ulichofanya. Muhula ujao utalikata daraja hilo mwenyewe, tofali kwa tofali."

Mkasi aliandika palepale, mwalimu akiwa pembeni. Mstari wa kwanza wa orodha ukawa jina la Mama Vipande. Barua nayo, iliyotumwa kwa kompyuta ileile, ilikuwa fupi, na jibu likaja kabla kengele haijagonga, maana kumbe na yeye alikuwa macho mahali fulani akikata kitu. "Asante kwa kuniambia," aliandika. "Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuliona lile kovu. Jina lake Betri. Nilikuwa naomba asitokee wa pili."

Betri alilisoma kwa juu ya bega lake. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe karatasi yangu. Ndiyo nakala pekee."

Mkasi alimpa. Ilikuwa na mikunjo minne na doa la jasho. Betri aliilaza kwenye paja, akainyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili, akaitazama kwa mwanga.

"Umeiharibu," alisema.

"Nitakuandikia nyingine. Neno kwa neno."

"Kwa mwandiko wako? Hapana." Akaitia katikati ya daftari ili inyooke. "Ijumaa uje mapema. Nahitaji mtu wa kukaa mbele acheke kwenye sehemu za kuchekesha, la sivyo wazazi hawatajua ni wapi."

"Nitakuja."

Kengele iligonga. Mwalimu alianza kuzima kompyuta moja moja. Mkasi alichukua begi, kisha akakumbuka bango lake, lile la peke yake, likiwa bado pale nje ambako Betri alikuwa akiliangalia. Akaomba ruhusa aende akalibandue kabla watu hawajajaa uwanjani.

Alipita kando ya mzee wa funguo. Mzee alikuwa amekaza bawaba moja, ya pili bado. Mkasi alitoka, akageuka, akakishika kitasa kwa mikono miwili. Akaunyanyua mlango kidogo, akaufunga mpaka ukalia.